Jivu Lililoganda

Kubomoa nyumba ya udongo si kazi ngumu, mtu asikutishe. Unaanzia juu. Nyasi zishushwe kwanza, taratibu, maana masizi ya miaka mingi huingia machoni. Kisha kata kamba za fito, na mianzi iliyokaushwa na moshi iweke kando. Hiyo mchwa hawaigusi, itakufaa tena. Kuta ziache mwisho. Zimwagie maji jioni, na asubuhi zitaanguka kwa kusukumwa na bega tu. Hayo yote nilijifunza nikiwa na mwaka mmoja wa ndoa, tulipobomoa nyumba ya mama mkwe wangu.

Ilikuwa kando ya njia, hapa Tunduma, njia ambayo wanaume walipita kwa miguu kwenda ng'ambo ya mpaka kwenye migodi ya shaba. Walifika hoi, wakitafuta pa kulala. Mume wangu alikuwa akiwatazama kila jioni.

"Vyumba sita vya bati hapa," aliniambia, "na jembe tunalitupa."

Mama alikataa. Alikuwa mjane, na moto wake haukuwahi kuzimika tangu aletwe pale akiwa bibi harusi. Akienda kulala aliufukia kwa majivu, akiamka aliufukua. Wazee wa ukoo wakakata shauri: nyumba yenye moto wa mjane haibomolewi. Moto ukifa wenyewe, nyumba ni ya mtoto wake.

Mwezi wa saba, dada yake wa Chapwa alimwita wakavune ulezi. Kabla ya kuondoka aliniita penye mafiga.

"Mwanangu, nitunzie moto siku tatu. Gogo hili linatosha. Wewe ufukie tu, usiupulize sana."

"Nimesikia, mama. Nenda salama."

Nilipomjibu hivyo, fundi kutoka Itaka alikuwa ameshafika, na nilijua amejia nini. Mama alipoishia kwenye kona nilibeba ndoo nzima ya maji hadi penye mafiga. Kata moja ingetosha, lakini sikutaka kurudia.

Fundi alipanda juu ya paa. Kila fungu la masizi lilipoanguka alipaza sauti, "Shemeji, bibi kizee anakohoa! Mletee dawa!" Tulicheka hadi mbavu zikauma. Sitakudanganya, ilikuwa siku nzuri. Nilisonga ugali mkubwa, tukala wote.

Siku ya tatu mama alirudi na kikapu cha ulezi kichwani. Kuta zilikuwa chini. Mafiga matatu tu yalibaki, juani.

"Moto ulikufa wenyewe, mama," mume wangu aliwahi kusema. "Tuliukuta umepoa."

Mama alitua kikapu, akachuchumaa, akabandua jivu. Nakueleza hili kwa sababu mimi mwenyewe sikulijua: moto ukifa wenyewe huacha jivu jepesi, linalopeperuka kwa pumzi. Likimwagiwa maji huganda, na hata likikauka hutoka vipande, kama ukoko wa chungu.

Alikishika kipande kiganjani.

"Limemwagiwa maji."

"Mvua, mama."

"Mvua ya mwezi wa saba?"

Fundi aliangua kicheko. Mama hakumtazama yeye, wala mwanawe. Alinitazama mimi.

"Labda umande, mama," nikasema.

Vyumba sita vilikwisha kabla ya masika. Kimoja tuliahidi kitakuwa chake, lakini wasafiri walikuwa wengi. Tukampa kibanda cha nyuma tulichokuwa tukiwekea mahindi. Mafiga yake fundi aliyatia kwenye msingi.

Hakutunza moto tena. Kila jioni alikuja mlangoni pangu na kigae, akasimama nje, wageni wakimwona.

"Hodi, mama. Naomba kaa moja la moto."

Aliniita mama, kama mtu anavyomwita mwenye nyumba asiyemfahamu vizuri. Sikumkaribisha ndani. Nilichagua kaa dogo, nikamwekea kwenye kigae, nikamwambia kwa upole, "Likizimika, njoo tena. Usione haya."