Utepe wa Mhunzi wa Mangobo

Mashahidi wote tunakubaliana: kisu kilichoshinda kwenye maonyesho kilifuliwa na mhunzi wa Mangobo, na utepe wa heshima ulikuwa mmoja. Ulipobandikwa kifuani pake, mwenzake anayemvutia mivukuto akasogea.

«Papa, bila moto yangu, ungepiga chuma baridi?»

«Na bila nyundo yangu, moto yako ingechoma nini? Ndizi ya makemba?»

Tulicheka, wao hawakucheka. Mhunzi akaubandua utepe, akaukata kwa kisu kile kile, akampa mwenzake kipande. Huyu akavilinganisha viwili hivyo.

«Yako iko murefu.»

«Nyundo iko muzito.»

Mwenzake akakibandika chake kifuani, kwa utulivu, nacho kikaonekana vizuri. Je, aligawiwa haki yake au alipunjwa? Msomaji, umesikia pande zote mbili, toa hukumu.