Tangazo la Sangara

Nakumbuka, mwanangu, siku moja asubuhi niliitwa nje ya studio yetu ya redio pale Kitaji, Musoma, nikaonane na mgeni. Nilikuwa mtangazaji kijana, na mdomo nilikuwa nao.

Wiki iliyotangulia nilikuwa nimemtengenezea tangazo mama mmoja mkaanga sangara. Nilichukua maneno anayoyasema mchungaji akiinua mkate wa Meza ya Bwana, nikayasema juu ya sangara wake kwa sauti ileile ya madhabahuni, na kibwagizo cha kuchekesha nyuma. Watu walicheka mpaka Bunda na Butiama. Nikavimba kichwa.

Mgeni alikuwa Mzee Magesa, mzee wa kanisa la kijijini kwetu Bugwema, ana vumbi mpaka kwenye nyusi. Mimi, bila haya, nilidhani amekuja kunipongeza. Akanipa barua. Wazee wa kanisa walikuwa wanamwomba bosi wangu anifukuze kazi.

"Nitampelekea," akasema, "lakini nimeona uisome kwanza."

"Mzee, ule ni utani tu. Mungu atakasirikia samaki?"

"Mungu simsemei. Jumapili mchungaji ameinua mkate, vijana wakacheka. Na mimi mzee mzima, kibwagizo chako kikanijia kichwani. Kijana wangu, pale nilikuwaga namkumbuka marehemu mke wangu. Jumapili nimekumbuka sangara." Akajipangusa vumbi usoni. "Mama yako anaumwa, hakuja kanisani. Bado hajalisikia tangazo lako. Amua wewe kama alisikie."

Nilitamani ardhi inimeze. Nilikwenda mwenyewe kwa bosi, tangazo likaondolewa, na mchana nikaomba radhi hewani. Yule mama wa sangara alinifokea vizuri sana, kwa kuwa wateja ndio kwanza walikuwa wameanza kumiminika. Mzee Magesa alichukua barua yake, akairudisha mfukoni, akapanda gari kurudi Bugwema.

Miezi michache baadaye mama alizidiwa. Mchungaji akamletea Meza ya Bwana kitandani. Maneno yale yalipotamkwa, mama alifumba macho, uso ukatulia kabisa. Mimi niliyemshika mkono nilikuwa nasikia kibwagizo. Nakisikia hadi leo, kila Meza ya Bwana. Lakini mama aliyapata maneno yake yakiwa mazima, akaondoka nayo, na kwa hilo namshukuru Mzee Magesa mpaka naingia kaburini.

Mwanangu, wewe unayerekodi video zako kwa simu, chekesha watu. Unicheke hata mimi, uzee wangu una mengi. Ila maneno ambayo mtu anayashika akiwa hana kingine cha kushika, yaache. Na akija mtu kukulalamikia, mpe kiti kwanza. Angeweza kwenda kwa bosi wako, lakini amekuja kwako.

Mungu akubarikie mdomo wako. Na siku mama yako atakapolihitaji neno, alikute safi, na wewe pia ulisikie bila kibwagizo.