Maji ya Kunawa ya Nesi Selina

Hasira ya Nesi Selina haikusikika kwa maneno. Ilisikika kwa maji. Mtu akishamwambia jambo la kuudhi, nesi alitabasamu, akasema, "Sawa, nimesikia," kisha akaingia chumba cha ndani. Waliokaa kwenye benchi la nje wakasikia kata ikigonga debe, maji yakimiminika kwenye beseni, na sabuni ya dawa ikisuguliwa polepole, kidole kwa kidole, kiganja, kifundo, mpaka kiwiko. Mara ya kwanza, halafu mara ya pili. Maji machafu yakamwagwa dirishani, na vumbi likayanywa kabla povu halijapasuka. Nesi akatoka, mikono imenyauka kama ya mtu aliyefua kutwa, uso umetulia.

Alikuwa na sababu. Kabla ya kuletwa katika kijiji hiki kipya, mwendo wa asubuhi moja kutoka Sepuka, Selina alifanya kazi kwenye hospitali kubwa ya mjini. Alikuwa mzaliwa wa Iramba, ng'ambo ya Kiomboi, binti wa mwinjilisti Isaka, na mwenyewe mkunga mwenye cheti. Mikono yake ilikuwa laini kuliko ya yeyote darasani kwao. Ulimi wake haukuwa hivyo. Siku moja mama mmoja kijana alimleta mtoto aliyekauka kwa kuhara, baada ya siku nne za kunyweshwa mizizi nyumbani, na Selina akampigia kelele mbele ya wodi nzima: "Umemleta tumtibu au umemleta tumzike?"

Yule mama alimfunga mtoto mgongoni, akatoka. Walimtafuta mpaka stendi ya mabasi, hawakumwona.

Mtoto alipona kwenye zahanati nyingine. Selina alipopata habari hiyo alipiga magoti sakafuni chumbani kwake, akalia kwa shukrani. Lakini baba wa mtoto alikuwa ameshaandika barua, na Selina naye akaandikiwa ya kwake: uhamisho wa kijijini, pamoja na mstari wa mwisho ambao aliujua kwa moyo kama sala. Likija lalamiko jingine moja, utumishi wako utakoma.

Ndipo akakumbuka kunawa. Sista Magdalena, aliyewafundisha ukunga, alikuwa akiwaambia wanafunzi wake, "Nyumba iungue, mikono tutanawa taratibu." Selina aligundua kwamba muda wa kunawa mara mbili mpaka kiwiko ndio muda uleule ambao hasira yake ilihitaji kushuka kutoka kooni. Akaishika njia hiyo. Mwaka ukapita, wa pili ukaingia, na kijijini hapakuwa na mtu aliyewahi kusikia sauti yake ikipanda.

Shida ilikuwa maji.

Miaka michache nyuma watu walikuwa wametolewa kwenye matembe yao, nyumba za udongo za zamani, yaliyotawanyika kati ya majabali, wakapangwa kwa mistari kwenye mbuga iliyo wazi. Shule ilikuwa imefika usawa wa madirisha. Kisima kilikuwa kimeahidiwa. Wakati kikisubiriwa, wanawake walikwenda kwenye korongo la mchanga, wakachimba kwa mikono, wakasubiri maji yajikusanye kidogo kidogo, wakarudi na debe kichwani jua likiwa limeshapanda. Kwa zamu, madebe mawili kila siku yalikuwa ya zahanati. Msimamizi wa zamu alikuwa Marietha, mama wa Hana, mwanamke mrefu, mfupi wa maneno, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akimwaga tone njiani.

Marietha alianza kushangaa mwezi wa nane. Siku nyingine debe moja lililala limejaa. Siku nyingine yote mawili yalikauka kabla ya mchana, na Urbano, mhudumu wa zahanati, akaja mbio kuomba jingine. Wagonjwa walikuwa walewale. Basi siku moja Marietha alitua debe lake, akakaa kwenye benchi kama mgonjwa, akatazama.

Alikuja Petro, katibu wa kijiji, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni. "Nesi, ile orodha ya wajawazito irudie. Wilayani wanataka nakala tatu, tena kwa wino mweusi."

"Sawa, ndugu katibu. Nimesikia."

Petro akaondoka. Kata ikagonga debe.

Akaja mzee mmoja, akataka sindano. Akaambiwa kikohozi chake kinahitaji vidonge. Akasema hakutembea maili tatu kuja kumeza vidonge, na kwamba nesi aliyetangulia alikuwa na huruma. "Sawa, babu. Nimesikia." Kata ikagonga debe.

Marietha akasimama, akajifunga kanga upya, akaenda zake. Lakini moyoni alibeba jambo zito kuliko maji. Alikumbuka siku alipomleta mjukuu wake wa miezi miwili, mtoto wa mwanawe wa kiume, tumbo limejaa kwa sababu alikuwa amelishwa uji wa mtama. Nesi alimpokea kwa mikono miwili, akampapasa, akaeleza kwa upole kwamba maziwa ya mama yanatosha, akamrudisha. Kisha akanawa palepale, mbele ya macho yake, kuanzia vidole mpaka viwiko, mara mbili, kama mtu aliyeshika samadi. Tangu siku hiyo Marietha alimsalimia nesi kwa mdomo tu.

Jumamosi iliyofuata ulikuwepo mkutano wa kijiji. Watu walikaa ndani ya kuta za shule isiyo na paa, wengine juu ya matofali, wengine chini. Mwenyekiti, Mzee Alute, alisema habari ya mashamba ya pamoja, akasema habari ya ng'ombe wanaoingia kwenye mihogo ya watu, kisha akauliza kama kuna jingine.

Marietha akasimama. "Liko. La maji ya zahanati."

Selina alikuwa amekaa mwisho, karibu na mlango. Aliposikia neno zahanati alinyoosha shingo.

"Tunachota madebe mawili kila siku," Marietha alisema. "Nesi anayamaliza kwa kunawa. Hanawi kwa ajili ya kazi. Ananawa akiongea na watu. Ukimsemesha, ananawa. Akimshika mtoto wako, ananawa kama kashika uchafu. Sisi ni wakulima, ni kweli tuna vumbi, lakini maji hayo tunayabeba kwa vichwa vyetu. Nataka katibu aandike."

Petro alikuwa ameshachomoa kalamu. "Lalamiko," alisema akiandika, "kuhusu mtumishi wa afya..."

Selina aliliona lile neno likiandikwa, ingawa alikuwa mbali. Muhtasari wa mkutano ulikwenda wilayani kila mwezi. Huko kulikuwa na jalada lenye jina lake, na ndani ya jalada mstari ule. Damu ilimpanda. Maneno yakaja yote pamoja, makali, yamenolewa: kwamba asingekuwa yeye nusu ya watoto wanaocheza nje ya kuta zile wasingekuwepo, kwamba uji wa mtama kwa mtoto wa miezi miwili ni ujinga, kwamba hajawahi kumwona mtu asiye na shukrani kama huyu mama. Yalisimama nyuma ya meno. Na hapakuwa na beseni.

Mikono ikaanza yenyewe. Kidole kwa kidole, kiganja, kifundo, ikapanda mpaka kiwiko, ikarudi. Mikavu, juu ya mapaja yake.

"Mtazameni!" alisema mwanamke mmoja pembeni. "Ananawa! Ananawa hata bila maji!"

Watu wakageuka. Wengine wakaangua kicheko. Mzee mmoja akasema, "Wanyiramba hawa ni wasafi, jamani!" Kicheko kikaongezeka. Selina akaitazama mikono yake kama ya mtu mwingine. Aliiona imekauka, imepasuka kwenye viungo kwa sabuni ya miaka miwili. Akasimama.

"Shikamooni wazee," alisema. "Mama Hana amesema kweli. Maji nayamaliza mimi. Lakini sinawi kwa sababu ya uchafu wenu. Nanawa kwa sababu ya hasira."

Petro akainua kalamu kutoka kwenye karatasi.

"Mimi nina hasira. Tangu utoto. Huko nilikotoka nilimpigia kelele mama mmoja mwenye mtoto mgonjwa, akakimbia na mtoto wake. Mtoto angeweza kufa porini kwa ajili ya mdomo wangu. Ndiyo maana nikaletwa huku. Nikaambiwa nikirudia, kazi basi. Sasa mtu akiniudhi nakwenda kunawa mpaka ipite. Sikujua mnadhani nawaona wachafu." Alimtazama Marietha. "Siku ile ya mjukuu wako nilikuwa nimekasirika kwa ajili ya uji. Mtoto mwenyewe alikuwa ananukia mafuta ya samli. Nilitamani kukaa naye."

Akakaa. Kwa mara ya kwanza tangu aje kijijini hakujua afanye nini na mikono yake.

Marietha alikuwa bado amesimama. "Kumbe," alisema. Akafikiri. "Kwa hiyo yale maji yote ni hasira?"

"Ni hasira."

"Hata yale madebe mawili ya Jumanne?"

"Jumanne katibu alikuja mara tatu."

Kicheko cha safari hii kilitikisa kuta. Petro alikazia macho karatasi yake. Mzee Alute aliinua mkono mpaka wakatulia, naye mwenyewe akiwa anajifuta machozi. "Mama Hana, katibu ameandika lalamiko. Bado unalalamika?"

"Nalalamika," alisema Marietha. Selina akafumba macho. "Aandike kwamba katibu asiende zahanati zaidi ya mara moja kwa wiki. Na ile orodha aje aandike yeye, ana kalamu mbili."

"Na la nesi?"

"La nesi alifute. Ila nesi, nawe usikie. Maji tutakuletea ya kazi. Ya hasira hatuchoti. Ukikasirika, sema umekasirika. Hatuvunjiki."

Petro akapiga mstari juu ya neno lake, mara mbili, kwa wino mweusi.

Siku za kwanza zilikuwa ngumu. Selina alikuwa anajua kupiga kelele na anajua kunyamaza; njia iliyo katikati hakuwahi kuipita. Alisimama mbele ya mtu, akapumua, akasema kama mtoto anayesoma ubaoni, "Nimekasirika." Watu wa benchi walifurahia kupita kiasi. "Leo umekasirika na nani, nesi?" "Na wewe, babu. Vidonge nilikupa vya siku saba, umemaliza kwa siku mbili." "Kwa hiyo unanipa vingine?" "Nakupa. Lakini nimekasirika." Babu alikwenda kijiji kizima akijisifu kwamba yeye ndiye aliyekasirikiwa zaidi wiki hiyo.

Madebe yakaanza kubaki na maji.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha asubuhi ile Marietha alipomleta Hana juu ya mkokoteni wa ng'ombe. Ilikuwa mimba ya kwanza ya Hana. Selina alimpima, akasikiliza mapigo ya mtoto tumboni kwa pembe ya mbao, akauliza uchungu ulianza lini.

"Juzi jioni," alisema Marietha, bila kumtazama.

Juzi jioni. Selina alisikia kitu kile cha zamani kikipanda kutoka tumboni, kikipita kifuani. Debe lilikuwa hatua mbili kutoka alipo, limejaa. Hakuligusa. Alimshika Marietha mkono, akamtoa nje ya mlango ambapo Hana hangesikia.

"Mama Hana, nimekasirika."

"Najua," alisema Marietha. "Sema."

"Siku mbili! Nilikuambia ukiona dalili ya kwanza tu. Nilikuambia mara ngapi?" Sauti ilikuwa imeanza kunoa makali. Aliisikia mwenyewe, akaishika, akapumua, na chini ya hasira, pale ambapo maji hayakuwahi kumfikisha, akakuta kitu kingine kimekaa. "Naogopa," alisema. "Mtoto amechoka, namsikia. Gari la kwenda hospitali halipo mpaka kesho. Naogopa, ndiyo maana."

Marietha akautazama mlango. "Na mimi naogopa. Nilidhani nikikaa naye nyumbani itakuwa kama nilivyomzaa yeye, jua halijazama nishamaliza. Nilichelewa. Nigombeze baadaye, nitakaa kimya nikusikilize."

"Baadaye," alisema Selina. "Sasa njoo umshike mabega."

Ndipo akanawa. Aliteka kata mbili tu, sabuni, vidole mpaka viwiko, sawasawa na alivyofundishwa, akakausha kwa kitambaa safi. Mikono ilikuwa imetulia.

Kazi ilikuwa ndefu. Hana alilia, akaimba nusu ya wimbo wa kanisani, akamtukana mume wake kwa Kinyaturu mpaka mama yake akamwambia aache. Selina aliongea naye muda wote kwa sauti ya chini, akimgeuza upande huu na upande ule, akimpa chai yenye sukari kijiko kwa kijiko. Saa nane mchana mtoto alitoka, wa kike, wa rangi ya zambarau, kimya. Selina akamfuta, akamsugua mgongo, akamnyonya ute puani, akamsugua tena. Kisha mtoto akakasirika. Alikunja ngumi, akafungua mdomo usio na jino, akapiga kelele zilizofika kwenye mistari ya mihogo.

"Huyo," alisema Marietha, machozi yakimtiririka, "kafanana na nesi."

Selina alicheka mpaka akalazimika kukaa.

Jioni, Hana akiwa amelala na mtoto kifuani, Marietha alichungulia chumba cha ndani kuangalia madebe. Moja lilikuwa limekwisha. La pili lilikuwa limejaa mpaka ukingoni. Akalitazama, akaliinua, akalitia kichwani.

"Unalipeleka wapi?" Selina aliuliza. "Hilo ni la zahanati."

"Nalipeleka nyumbani kwako. Damu imekujaa mpaka kwenye nywele. Kaoge." Alikuwa ameshafika mlangoni. "Na ukimaliza uje unigombeze. Nimeacha viazi jikoni kwangu."

Selina akamwachia Urbano zamu, akavua aproni yake, akamfuata. Njiani, nyuma ya Marietha, aliangalia kama kuna tone lililoanguka. Hakuliona hata moja.