Bibi Ambaye Hakuulizwa

Enzi zile Profesa Halldor Brandson alipokuwa akifundisha sera za jamii na nadharia ya siasa katika chuo kikuu kimoja cha Winnipeg, wanafunzi wake waliizoea desturi yake ya Alhamisi. Aliingia taratibu, akajipangusa theluji mabegani, kisha akawasimulia kisa cha mtu asiye na jina, nao wakabishana: je, atendewe nini, na kwa haki gani?

Alhamisi moja, majira ya baridi yakielekea ukingoni, kisa kilikuwa cha bibi mjane aliyeishi peke yake kando ya ziwa. Alikuwa ameanguka jikoni mara mbili. Mwanawe alikuwa amempatia chumba mjini, katika nyumba ya kutunzia wazee, na jibu lilitakiwa Jumatatu. Je, ahamishwe?

Wakabishana kwa raha. Mmoja alishikilia kwamba uhuru haumfai kitu mtu akishavunjika nyonga. Jirani yake akamtania kuwa yeye angemfungia bibi yake kabatini ili asipate mafua. Halldor aliwasikiliza kana kwamba sauti zao zilitoka chini ya maji. Nje theluji ilianguka bila haraka, na katika kioo cha dirisha aliona jiko la mama yake, birika la buluu, na mkono wenye mishipa ukimmiminia kahawa.

Ndipo Oksana Hrycenko, binti wa wakulima wa ngano ambaye hakuwa msemaji, akainua mkono.

“Samahani, Profesa. Huyo bibi mwenyewe anasemaje?”

Maisha yake yote ya utafiti Halldor alikuwa ameandika kwamba mtu asikatiwe shauri lake akiwa amewekwa kando. Na sasa alikuwa amezungumza na daktari, na dada yake, na msimamizi wa ile nyumba.

“Hajaulizwa,” alisema.

Hakuna aliyeuliza bibi huyo ni nani.

Jumamosi aliendesha gari kuelekea kaskazini, mpaka mji mdogo wa Gimli kando ya ziwa, barabara na mbingu vikiwa na weupe mmoja hata akahisi anaelea. Mama yake, Gudny, alimkaribisha mezani, akabana kipande cha sukari kwa meno, akanywa kahawa. Halldor akaanza kwa mbali: huduma za wazee, matokeo ya tafiti.

“Dori,” mama akamkatiza kwa jina lake la utotoni, “umekuja kufundisha au umekuja kunywa kahawa?”

“Nimekuja kukuuliza, mama.” Akamweleza yote.

Gudny hakushtuka. Binti yake, dada wa Halldor, alikwisha kumdokezea zamani, akasema.

“Na ukanyamaza tu?”

“Nilitaka nione kama utathubutu. Msomi mzima, unanizunguka kama paka anayezunguka samaki wa moto.”

Halldor akacheka, machozi yakimlengalenga.

“Naogopa kuanguka, sikufichi,” mama akaendelea. “Ila naogopa zaidi kuamka mahali nisikosikia ziwa. Nitafutie mtu wa kuja asubuhi, anisaidie kuoga. Nikianguka tena, tutazungumza. Mimi na wewe, si wewe na daktari.”

Halldor alikuwa na hoja za kumpinga, na takwimu pia. Huko nje barafu ya ziwa iliguna, ndefu na nzito, kama mtu ajigeuzaye usingizini. Mama yake akainamisha kichwa, akaisikiliza mpaka ilipokoma.

Jumatatu Halldor aliipigia simu ile nyumba ya wazee, akakiachia kile chumba. Hofu haikumtoka. Tangu siku hiyo alilala simu ikiwa karibu na mto wa kulalia.