Pilipili ya Kaburini

Mama alipofariki, majirani zetu wa Itaka walifyeka nyuma ya jiko ili wapate pa kuinjika masufuria ya msiba. Wakafyeka na mpilipili wake. Siwalaumu, ingawa moyoni nimewanunia mpaka leo. Nani angejua kwamba baba angegoma kula?

Hakugoma kwa maneno. Alimega tonge, akachovya kwenye maharage niliyotia pilipili ya sokoni, akaonja, akasukuma sahani.

"Siyo hii, mwanangu."

Mwezi haukupita, shati likawa linamning'inia kama limetundikwa msumarini. Nikaanza kuitafuta pilipili ya mama.

Nilikwenda hadi Tunduma. Sokoni pale kila mtu anakwambia pilipili ni pilipili. Uongo. Ya mbuzi ni nene, imekunjamana, na harufu yake inakupokea kabla hujaishika. Kichaa ni ndogo, nyembamba, na mtini hukaa ikitazama juu. Ya mama ilichukua huku na huku: ndogo, ya njano, inatazama juu, lakini ukiivunja kikonyo inanukia kama ya mbuzi. Nilivunja vikonyo vya watu mpaka muuzaji mmoja wa ng'ambo ya mpaka akanicheka.

"Bamayo, mama, unatafuta pilipili au mchumba?"

Sikucheka. Nilinunua za kila aina, baba akazionja zote. Siyo hii. Siyo hii.

Mpilipili niliukuta siku tuliyokwenda kupalilia kaburi, kando ya mibuni, mimi na shangazi, dada yake baba. Ulikuwa umeota upande wa kichwani, umezaa. Ndege hawasikii ukali. Hula wakaangusha mbegu popote. Hilo nalijua, na bado niliukaribia polepole. Nikavunja kikonyo, nikanusa. Ilikuwa yenyewe.

"Cha kaburini hakiliwi," shangazi alisema. "Unajua."

"Najua, shangazi. Na kaka yako akifa kwa njaa?"

Aligeukia mibuni, akanipa mgongo, nami nikachuma.

Nilizitwanga kwa chumvi. Niliogopa, sitaficha, nilihisi kama namwibia mtu aliyelala. Baba alichovya, akatulia. Akamega tena. Alikula mpaka jasho likamtoka puani, akaramba vidole, akaniangalia kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu tuzike.

Kisha akavuta kigoda cha mama, akakiweka karibu na sahani.

"Mwite mama yako," alisema. "Chakula kinapoa."

Shangazi, aliyekuwa ameketi nasi, aliinamisha kichwa. Nilitaka kumwambia baba kwamba tulishamzika, badala yake nikainuka. Nikatoka nje, nikaelekea upande wa mibuni, nikaita. Niliita kama tulivyomwita siku zote, kwa sauti ya kufika shambani. Kisha nikasimama, nasikiliza.

"Anakuja?" baba akauliza kutoka ndani.