Zamu ya Kuonja Mto

Wiki iliyopita lori lilimwaga mchanga wa mtoni mbele ya nyumba ya jirani yangu hapa mjini, mtaa wa Chikongola. Ulikuwa bado unachuruzika maji. Harufu yake iliingia dirishani kabla sijajua ni nini: tope bichi, mizizi iliyooza, na kitu kama samaki aliyeanikwa jua likamkataa. Nilikuwa napepeta mchele. Niliweka ungo chini, nikakaa. Mjukuu wangu akaniuliza, "Bibi, unaumwa?" Nikamwambia kichwa. Hakikuwa kichwa. Tangu utoto wangu nimekuwa nikimwambia karibu kila mtu jambo jingine, na leo nataka kuwaambia ninyi lile lenyewe.

Nilizaliwa kijijini, karibu na mahali Mto Ruvuma unapoingia baharini. Ng'ambo ni Msumbiji. Nilipokuwa mdogo kulikuwa na vita huko, Wareno walikuwa na bunduki zao, na sisi watoto tulikatazwa kabisa kukanyaga mtoni. Tuliusikia tu. Tuliteka maji kisimani, tukapalilia mihogo, tukaokota korosho, na mto ukawa kama ndugu aliyefungwa, anayetajwa lakini haonekani. Vita viliponyamaza nilikuwa na miaka kumi na moja. Mwaka ule, likizo ya mwezi wa sita, mama zetu walituruhusu.

Lakini walituruhusu kwa sharti. Mama yangu alikulia pale pale kabla ya vita, na alikuwa na kanuni aliyofundishwa na mama yake. Katikati ya mto maji yakipwa huota fungu la mchanga, refu, mgongo umeinuka. Kati ya fungu na ukingo hubaki mkondo mwembamba usiopita goti. Unavuka, unacheza, unarudi. Hatari ni moja: bahari ikijaa, huingia mtoni kimyakimya, na mkondo ule hujaa kwanza, nyuma yako, wakati wewe umesimama pakavu. Sasa utajuaje? Mama alisema unaonja. Maji yakiwa matamu, mto ndio unaoshuka, cheza. Yakiwa na chumvi hata kidogo tu, bahari imeanza kupanda, acha kila kitu uondoke. "Mto mtamu ni wako," alikuwa akisema, "ukiingia chumvi una mwenyewe." Tena si kuonja mara moja. Kila mkichoka mchezo mmoja, mtu anatembea hadi ncha ya fungu, upande wa baharini, anaonja, kisha mnaanza mwingine. Mwonjaji ni mmoja, ili asitegemee mwenzake. Mwonjaji nilikuwa mimi.

Likizo ile alikuja Zuhura kutoka Newala. Alikuwa mtoto wa mama mkubwa, dada yake mama yangu, kwa hiyo kwetu ni dada, na nilimwita dada. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Kwao juu ya mlima hakukuwa na maji karibu. Wanawake waliamka jogoo la kwanza wakashuka bondeni na kupanda na ndoo kichwani, na mtoto alinawa uso kwa kata moja, akishukuru. Siku mama alipompeleka kuuona Ruvuma, Zuhura hakukimbia kama tulivyotazamia. Alisimama muda mrefu, halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Mama mdogo, haya yote ni ya nani?"

"Ya Mungu, mwanangu."

"Na hakuna anayeyalinda?"

Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Tulianza kwenda watatu: mimi, Zuhura na Mwanaidi, binti wa jirani, msichana mwenye mdomo kuliko sisi wote. Tulibeba ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha kwenye kitambaa, na karara moja kubwa la mnazi, ganda lililo kama mtumbwi mdogo. Fungu lilikuwa limejaa nyayo za viboko, kubwa kama masufuria, kila moja na maji yake ya moto na visamaki viwili vitatu vilivyosahauliwa. Ndege weupe walikuwa wakisimama wote wakitazama upande mmoja, kama wako mstarini shuleni. Zuhura alitafuta shimo kubwa kuliko yote, akaketi ndani yake na kanga yake, akajimwagia maji kichwani kwa viganja vyote viwili. "Mngejua," alisema, "haya kwetu tungeoga watu kumi, na ya mwisho tungempa mbuzi." Sijawahi kumwona mtu akifurahi vile. Hakujua kuogelea. Angejifunzia wapi?

Mchezo wenyewe ulikuwa kuteleza. Upande mmoja fungu lilikatika kama ukuta wa nyumba, na sisi tulikaa ndani ya karara tukashuka hadi kwenye maji ya kina kifupi, tukipiga kelele. Karara lilikuwa moja, kwa hiyo kulikuwa na zamu, na mkosa zamu alingoja mizunguko miwili.

Zuhura alinicheka kwa kazi yangu ya kuonja. Hakuwa na ubaya, ila alikuwa na utani wa watu wa kwao. Siku moja nilipoonja mkondoni kabla hatujavuka, alisema, "Nyie watu wa huku mnaonja mto kama mchuzi. Haya mpishi, umekolea?"

Mwanaidi akadakia, "Bado nazi! Mwambie aongeze na ndimu!"

Walicheka, na mimi nikacheka, lakini uso ulinichoma. Maji yalikuwa matamu. Tukavuka.

Tulipochoka kuwinda visamaki nilienda nchani nikaonja. Matamu. Tulipomaliza kula nilienda tena. Matamu. Kisha tukaanza kuteleza, na tuliteleza sana, jua likawa juu ya vichwa. Zuhura alishuka, akapanda na karara akihema, na zamu iliyofuata ilikuwa yangu. Akanipa karara, halafu akakumbuka. Nataka mjue kuwa ni yeye aliyekumbuka, mgeni wa mlimani. "Somoe, mpishi wetu, hujaonja."

Niliona nikienda nitapoteza zamu. Mwanaidi alikuwa tayari ameshika ncha ya karara. Nikasema, "Msiguse, narudi sasa hivi," nikakimbia. Ncha ilikuwa mbali. Sikufika. Nilisimama nusu ya njia, kwenye maji yaliyonifika kwenye kifundo cha mguu, nikainama, nikachota kiganjani, nikakipeleka karibu na mdomo ili wanione, nikayamwaga. Niligeuka nikapaza sauti:

"Matamu!"

Sikuonja. Nilikimbia kurudi, nikakaa ndani ya karara, nikateleza. Ilikuwa zamu tamu. Hilo nalo ni kweli, na siwezi kulifuta.

Ni Mwanaidi aliyeona. Alikuwa anatafuta kitambaa cha ming'oko pale tulipokiacha, akakuta kinaelea. Tulipofika mkondoni, maji tuliyoyavuka yakifika gotini yalikuwa yanatembea kwa kasi kuelekea ndani ya nchi, yakienda kinyume, ya rangi ya chai ya maziwa. Nyuma yetu fungu lilikuwa linapungua huku tunalitazama. Mwanaidi alitangulia, akaogelea kwa mshazari, akafika na kuanza kupiga mayowe kuita watu. Mimi nilijifunga kanga yangu kiunoni kwa fundo, nikampa Zuhura ncha ya pili. "Shika, dada. Usiachie."

Aliingia. Nilimsikia nyuma yangu akihema kama mtu anayepanda mlima na ndoo. Katikati miguu yangu ilipoteza ardhi, nikaanza kuogelea, nikahisi uzito wake ukinivuta upande, halafu nikahisi wepesi. Fundo lilikuwa limefunguka. Nimejiuliza mara nyingi kama nililifungua mimi. Sikulifungua. Katika habari hii nzima ndilo jambo pekee ninaloweza kuliapia.

Wanaume walimpata siku ya pili, kwenye mikoko.

Jioni ya siku ile ya kwanza, wakati bado wanamtafuta, mama alinikalisha jikoni. Hakunipiga. Alinishika mabega na kuniuliza kitu kimoja.

"Uliyaonja?"

"Niliyaonja."

"Kule nchani?"

"Kule nchani."

"Yalikuwaje?"

"Matamu, mama."

Aliniachia mabega. Nilidhani nimeokoka. Mtoto wa miaka kumi na moja akitoka jikoni bila kuchapwa hudhani ameokoka.

Mama mkubwa alishuka kutoka Newala kwa lori la korosho, akafika mtoto wake ameshaoshwa. Matanga yalijaa uani. Mbele ya wanawake wote mama yangu alipiga magoti mbele ya dada yake, akasema kwa sauti iliyosikika hadi nilipojificha nyuma ya ghala: "Mtoto ameonja kama nilivyomfundisha. Kosa si lake. Mimi ndiye niliyewapa watoto maneno ya wazee, na maneno yale ni ya uongo. Mimi ndiye niliyemuua Zuhura."

Mama mkubwa hakumnyanyua.

Tangu hapo mama hakufundisha tena mtu yeyote kitu chochote alichorithi kwa mama yake. Si mto tu. Dawa ya tumbo, siku za kupanda mtama, namna ya kumgeuza mtoto tumboni, mambo ambayo wanawake walitoka vijiji vingine kuja kumwuliza, yote aliyakataa. "Msiniulize mimi," alisema. Newala hakukanyaga tena. Mimi nilimaliza darasa la saba, nikaolewa mjini, na kila mara nilipomtembelea nilikwenda na maneno yamekaa kinywani, nikarudi nayo.

Mume wangu, marehemu, nilimwambia mara moja. Alikuwa mvuvi kabla ya kupata kazi bandarini. Alifikiri, akasema mwezi wa sita mto bado una maji mengi ya mvua, na maji matamu huelea juu ya chumvi, kwa hiyo huenda hata ningeonja ningeyakuta matamu. Alitaka kunifariji. Labda ni kweli. Labda kwenye ile ncha, kama ningefika, ulimi ungeniambia. Sitajua kamwe, kwa sababu sikuonja.

Mama mkubwa alipofariki, mama alikuwa amekwisha kuwa mzee wa fimbo, anaishi kwangu, wakati huo nikikaa Mtawanya. Alinituma mimi Newala. Niliporudi alikuwa kitandani, amegeukia ukuta.

"Walinitaja?"

"Walikutaja, mama."

"Kwa jambo gani?"

Hapo palikuwa pangu pa kusema. Tulikuwa wawili tu ndani. Ningeweza kumwambia: mama, kanuni yako haikuwa ya uongo, mwongo nilikuwa mimi. Nilifungua mdomo, nikasema, "Walisema wanakusalimu sana."

"Unasema hivyo ili nilale," alisema mama. Akalala. Hakumaliza mwezi.

Utotoni nilidhani uongo ule nimejifunika nao, na kwamba kadiri miaka inavyopita utachakaa. Niliporudi toka makaburini ndipo nilipoelewa kuwa hata siku moja haukuwa kwangu. Nilimvika mama, akauvaa mpaka sandani. Wawili waliostahili kuusikia ukweli wamekwisha kufa, mmoja akimlaumu mdogo wake, mwingine akijilaumu mwenyewe. Nimebaki nawaambia ninyi, msioweza kunisamehe.