Ulimi wa Dada Mwanahawa

Nakumbuka tulipokuwa wadogo huko Kinole, milimani Morogoro, maji tuliyajua kwa ulimi. Tulikuwa na mchezo wetu: unafungwa macho kwa kipande cha khanga, unanyweshwa kwa jani la mgomba lililokunjwa, halafu useme maji yametoka wapi. Ya chemchemi ya jiweni yalikuwa baridi mpaka meno yanauma. Ya kijito cha kwa mjomba yalipita kwenye mizizi ya midalasini, ukiyameza kifua kinafunguka. Dada yangu Mwanahawa hakukosea kamwe. Sisi wengine tulibahatisha tu, na mimi nilikuwa na akili ya machungwa; shule yenyewe niliitoroka kwa ajili ya machungwa, ndiyo maana mpaka leo naandika kwa kusuasua. Mama alikuwa akimwambia, "Ulimi wako ungekuwa na miguu, ungefika mjini kabla yetu." Na kweli akafika, akapitiliza, akaolewa Dar es Salaam.

Mwaka huu nimemfuata. Shemeji alishafariki, dada anakaa na mwanawe. Kisima chao cha uani, ambapo majirani walikuwa wakipanga ndoo, kimegeuka chumvi. Maharage yanachemka tangu asubuhi na bado magumu, sabuni haitoi povu, chai utadhani imetiwa machozi.

"Bahari inaingia chini kwa chini, mjomba," mpwa wangu akaniambia. "Kila nyumba imechimba. Tunavuta ya baridi, ya chumvi yanakuja kujaza nafasi."

Na dada ana presha. Daktari kamkataza chumvi, naye anainywa. Ndiyo maana nilienda kumrudisha nyumbani, akakataa. "Magoti haya yapande Kinole? Niache hapahapa na kaburi la mume wangu."

Nilikuwa nimebeba dumu la maji ya jiweni. Wajukuu wake wakanicheka, wao wanakunywa ya chupa, na kwanza wanasoma tarehe ya kuharibika, kana kwamba maji ni mkate. Nikamfunga dada macho kwa khanga yake mwenyewe, nikampa kikombe. Akayazungusha mdomoni, akayameza.

"Yamepooza haya. Hayana kitu. Ya mvua?"

Akavua khanga, akaliona dumu nililoliziba mdomo kwa jani la mgomba kama mama alivyokuwa akiziba. Akaomba tena, akanywa macho wazi, polepole.

"Mdogo wangu, ulimi wangu umekufa."

"Haujafa, dada. Umezoea chumvi."

Akamwita mwanawe. "Nitafutie tiketi ya Morogoro."

Sasa yuko hapa Kinole, magoti tunayasugua mafuta ya karafuu. Enzi zile, akifungwa macho, nilikuwa namwombea akosee walau mara moja, nami nishinde. Siku hizi kila asubuhi, ukungu ukiwa bado mlangoni, namfunga khanga, nampa ya jiweni, nami namwombea apatie.